Kangaga Yenye Mguu

Alizaliwa wapi sitasema, maana kila aliyemuuliza alipewa mji wake. Mimi aliniambia Uvira. Mume wangu aliambiwa Kigoma. Imamu wa mtaa, mtu mzima na ndevu zake, aliambiwa "mbali kidogo" akaondoka ameridhika. Hapa Buyenzi sote tulimwita Fundi. Mtaa wetu umejaa mafundi magari, lakini ukisema "Fundi amepita" hata wao walijua hukuwataja wao. Alikuwa fundi wa mikeka, na zaidi ya yote mkeka mmoja: ule anaolazwa maiti kabla ya kwenda makaburini.

Nilimjua zaidi ya miaka ishirini, na karibu yote nilimshuku. Nasema mapema ili usije ukaniona mwema.

Lakini kwa kushuku, mwalimu alikuwa yeye. Ukimwambia, "Habari ya asubuhi, Bibi," alikujibu, "Nani anauliza?" Harusini alikuja na kikombe chake amekifunga kwenye pindo la kitenge, na chai ya wenyeji aliinusa kwanza. Redio yake ilipiga kelele kutwa, Kirundi, Kifaransa, hata kwaya za kanisani, naye Mwislamu wa swala tano. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Mi sisikilize kitu," akasema. "Naziba majirani masikio." Mtu huyohuyo mlango wake haukuwa na kufuli. Usiku na mchana ulikuwa wazi, pazia tu. Tukamwambia ataibiwa. Akacheka na meno yake yote. "Mwizi anaogopa mulango wazi. Anajiuliza, uyu mumama ananingojea na nini ndani?"

Kitu kingine, hakuweza kuona uzi umelegea. Akija kukutembelea, mnaongea, mnacheka, huku mkono wake unatambaa pembeni mwa mkeka wako. Kabla chai haijaisha ameshatoa sindano kwenye kilemba na kushona kila ncha iliyotoka. Halafu anakutazama kana kwamba amekukuta bafuni. "Mukeka yenye mudomo wazi inasema," alikuwa akituambia. "Inasema mwenye nyumba ni muvivu." Mama yangu, marehemu, alikuwa akificha mikeka yote mibovu akisikia Fundi anakuja, na wakati mwingine anatuficha na sisi.

Sasa nikueleze meno yake, kwa sababu maneno yote haya yanatoka kwenye meno. Yalikuwa meupe, yamepangana, na aliyasugua kwa msuwaki baada ya kila chakula. Hayakuwa pambo. Yalikuwa chombo cha kazi, kama sindano.

Mikeka yetu tunashona kwa kangaga. Warundi wanaiita urukangaga. Ni nyasi za majini, bua lake lina pembe tatu. Ukilizungusha kati ya vidole unazihisi. Inaota pembeni ya ziwa, upande wa Gatumba, mizizi imezama kwenye tope. Fundi alipokata bua aliliuma palepale penye jeraha, akatafuna kidogo, akatema. Kangaga iliyosimama kwenye tope ina uchungu fulani, inakaza ulimi, na nyuma ya uchungu kuna tope lenyewe. Hiyo aliiita yenye mguu. Bua lililoota juu ya takataka zinazoelea halina kitu, ni kama kutafuna karatasi iliyolowa. Hilo halina mguu. Mkeka wa kulalia walio hai unaweza kuchanganya, Mungu anasamehe. Mkeka wa maiti, apana. "Mutu amesimama kwa miguu yake maisha yote," alisema, "unamulaza juu ya kitu hakijasimama hata siku moja? Haya."

Mkeka huo hauuzwi. Unapeleka sabuni na sukari, na unashukuru. Mnyamulenge, Mmanyema, Mrundi, maskini, tajiri, wote mkeka mmoja.

Nilikaa kwake miaka miwili kujifunza kabla sijaolewa. Alinifundisha kukata, kuanika, kupanga mabua, kushona. Mkeka wa maiti alinifundisha wote, isipokuwa kazi ya siku yake ya mwisho. Siku hiyo ya mwisho alishusha pazia, akanituma sokoni nikatafute kitu ambacho hakihitajiki. Nikirudi, mkeka umeanikwa, umekwisha. Niliuliza kuna nini nyuma ya pazia. "Mukono yako iko na haraka bado," akasema. "Nitakuonyesha."

Hakunionyesha. Nikaolewa, nikahamia Mutakura, nikafungua kibanda cha mikeka sokoni, na moyoni nikabeba neno: huyu mama ananinyima. Ana siri. Na mwenye siri, sisi wa Buyenzi tunajua, hakosi kuwa na baya. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Halafu ukaja ule mwaka maji yalipopanda Gatumba. Nyumba ziliingia majini hadi madirishani, watu wakahamia mahemani, viboko wakatembea barabarani kama wenye mji. Maji yaliposhuka, yalituachia gugumaji. Majani mazito, maua ya zambarau, mazuri kweli, usipojua. Lilisukumwa na upepo kutoka ziwani na mto Rusizi, likajaza kila kona ya ufuko. Na juu ya mgongo wa gugumaji kulikuwa na nyasi nyingine ambazo hatukuwahi kuziona. Bua la pembe tatu, kijani, laini, na vichwa vya mviringo vya mbegu kama vifungo vya koti. Mbegu zake zilielea, zikapanda juu ya gugumaji jingine, zikashikamana, mwishowe vikawa visiwa vinavyotembea.

Tulizipa jina Mgeni. Na tulifurahi, ee, tulifurahi sana! Zamani unaingia kwenye maji hadi kifuani, unasikiliza kama kiboko anakohoa, ndipo upate mzigo mmoja wa kangaga. Mgeni alikuja mwenyewe hadi miguuni. Ulivuta kisiwa kwa kamba, ukakata ukiwa umesimama pakavu. Kwa vidole huwezi kumtofautisha na kangaga, pembe ni tatu vilevile. Nilishona mikeka ya Mgeni nikaijaza kibandani. Mvua mbili hivi, inaota ukungu na kukatika. Lakini wateja wa Mutakura hawakujua, na mimi sikuwaambia. Nilipoulizwa nilisema, "Kangaga safi, Mama." Najua. Usinitazame hivyo.

Fundi alipoona mkeka wa kwanza aliuma, akatema mbali. Mmoja wetu akamtania: "Bibi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Na huyu tumempa kazi." Fundi hakucheka. "Uyu siku ya tatu anakunyang'anya jembe," akasema. "We ngoja."

Basi. Asubuhi moja nilifika ufukoni mapema kuliko wakataji wenzangu, kulikuwa na ukungu, nikamwona. Fundi, mzee vile, ndani ya maji hadi kiunoni. Amekumbatia rundo la gugumaji lenye Mgeni juu yake, amelibana kifuani kama mtoto. Akalifunga kwa kamba kwenye kijiti kilichochomekwa majini, akakaza fundo kwa meno. Kando ya kijiti hicho kulikuwa na kingine, na kingine. Nikajificha. Niliona kwa macho yangu, na moyo ukaniambia palepale: kumbe! Mchana anatukana Mgeni, alfajiri anamfuga.

Sikulala na neno hilo. Wiki ileile nilipita kwake Buyenzi, nikazunguka nyuma ya nyumba nikisingizia kuku. Mafungu ya Mgeni yameanikwa ukutani, mengi, yamefunikwa kwa hema kuukuu, karibu na shimo la majivu. Nikawaambia wenzangu ufukoni. Mmoja akasema Fundi anataka kutufungia njia ya maji ili abaki yeye peke yake na kangaga. Mwingine akasema anashona kwa Mgeni na kutudanganya ni kangaga. Wa tatu akasema ndiye aliyemleta Mgeni, kutoka huko alikozaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua huko ni wapi, nani angebisha? Kila mmoja aliongeza chumvi, na wa kwanza kuitia ni mimi.

Ndani ya miezi hiyo mama yangu akafariki.

Mkeka uliletwa na Fundi mwenyewe, ameubeba begani, kabla hata hatujapeleka mtu kwake. Wanawake tulikuwa ndani, tumemaliza kumwosha mama, kafuri inanukia, sanda iko tayari. Nje wanaume wanakohoa, maana yake fanyeni haraka. Fundi akautandika. Ulikuwa mzuri, kila mstari umenyooka. Mimi nikauona ni mzuri mno. Nikawaza mafungu yale nyuma ya nyumba. Nikawaza, mama yangu, aliyenizaa, alale juu ya uongo?

Nikapiga magoti nikauma ukingo wa mkeka. Nilivuta kwa nguvu, mabua mawili yakakatika mdomoni. Nikatafuna. Hakuna uchungu, hakuna tope. Karatasi tupu.

"Bibi," nikasema, mbele ya wote, "hii haina mguu."

Fundi akanitazama. "Umeonja?"

"Nimeonja."

"Bon," akasema. "Umeonja."

Akainama, akaukunja mkeka wake taratibu, akaupakata kwapani, akatoka. Hakujitetea hata neno moja. Nasi tukasema, aliyesingiziwa angepiga kelele. Mama yangu alitandikiwa mkeka wa plastiki uliotoka dukani, wenye picha za maua. Nilijiona shujaa. Nililia kwa uchungu na kwa fahari, vyote pamoja, Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepeleka tena sabuni kwa Fundi. Kila msiba, plastiki. Hata waliokuwa na mashaka na mimi waliona plastiki ni rahisi, unaikuta dukani saa yoyote. Nilikutana naye mara mbili tatu Buyenzi. Alinisalimu kwanza, na mimi nikaitikia nikitazama pembeni. Redio yake ilikuwa bado inapiga kelele. Mlango bado wazi.

Na Mgeni? Alifanya kile Fundi alichosema. Ndani ya miaka michache alifunika kangaga yote tuliyoijua, ikanyimwa jua, ikaoza chini yake. Mafunjo makubwa nayo yakalala. Mitumbwi ikakosa njia. Halafu wateja wa Mutakura wakaanza kurudi na mikeka yao iliyokatika, wananitupia kibandani. Mmoja alinitupia usoni. Nikaanza kuuza mabeseni.

Mwaka jana simu ikalia. Jirani wa Buyenzi. "Fundi anakuita," akasema. "Anasema uje na meno yako."

Niliamini ni mtego. Miaka yote hiyo, halafu aniite mimi? Nilipanga majibu njia nzima, na njia ilikuwa ndefu, mafuta yamekosekana mjini, nilitembea nusu yake. Nikamkuta ameketi uani. Mdomo wake ulikuwa umeingia ndani. Hakuna hata jino. Mkono wa kulia unatetemeka. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Nani anauliza?" akasema. Halafu, "Ni we. Kaa."

Akaninyooshea mkeka wa zamani uliotandikwa pembeni ya ukuta, ukingo mmoja umebanwa chini ya jiwe la kusagia. Nikakaa. Akasema mambo yake bila kuzunguka. Anataka mkeka wake mwenyewe, wa siku yake. Mkono hauwezi kushona, na mdomo hauwezi kuonja. "Utanikatia, utauma, utanishonea. Apana plastiki. Mi silale juu ya maua ya duka."

"Bibi, kangaga hakuna tena. Mgeni amekula yote."

"Nenda pale kwenye vijiti yangu."

Nilienda Gatumba siku ya pili. Ufuko mzima ni zulia la kijani, unaweza kudhani ni uwanja wa mpira mpaka ukanyage. Nikatembea hadi ile kona ndogo nilipojificha siku ile. Vijiti vilikuwa bado vimesimama, mstari mmoja kukata mdomo wa ghuba, vimeunganishwa kwa kamba. Kamba nyingine imeoza, nyingine ni mpya. Upande wa nje Mgeni amejazana, anasukuma. Upande wa ndani kulikuwa na maji wazi, na kangaga. Imesimama, nyingi, mguu kwenye tope.

Nilikaa chini. Kwa hiyo alikuwa akimzuia. Kila kisiwa kilichokuja na upepo alikikamata, akakifunga kwenye kijiti kisivuke, halafu akakivuta nje, akakibeba hadi nyumbani akaanika na kuchoma pamoja na vifungo vyake vya mbegu kabla havijaanguka majini. Alfajiri, peke yake, kwa siri, kwa sababu mchana tungempiga mawe, sisi tuliokuwa tunakula kwa Mgeni. Mimi wa kwanza.

Nilikata. Nikauma kila bua. Uchungu, na tope nyuma yake. Sikumbuki niliuonja lini mara ya mwisho.

Wiki mbili nilishona uani kwake, nimekaa kwenye mkeka ule wa zamani, yeye ananitazama mikono. Vijiti hakuvitaja, nami sikuvitaja. Niliona aibu. Lakini nitasema kweli: kitu kimoja kilikuwa bado kinanifariji. Vijiti nilikosea, sawa. Lakini mkeka wa mama niliuonja mwenyewe. Meno yangu hayakunidanganya. Nilishika hilo kwa nguvu zote.

Siku ya mwisho alisema, "Shusha pazia."

Nikashusha. Akaniambia nilete beseni kubwa na maji safi. "Sasa unauosha. Mara tatu. Vile tunaosha mutu." Nikauzamisha mkeka, nikausugua kwa viganja. Maji ya kwanza yalitoka kijani kizito, yananuka ziwa. Ya pili yalikuwa kama chai nyepesi. Ya tatu yalibaki meupe. Tukauanika uani siku mbili. Ndicho kilichokuwa nyuma ya pazia miaka yote ile, beseni na maji.

Ulipokauka akasema, "Uma."

Nikauma ukingo. Nikatafuna. Kangaga niliyoikata kwa mkono wangu, niliyoiuma bua kwa bua. Nikatafuna tena.

Karatasi tupu.

"Umeonja?" akauliza.

Nililia, nikamshika miguu. "Bibi, kwa nini hukusema? Siku ile, kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa amelala pale," akasema. "Mbele ya maiti hatugombane. Ningesema nini, we muongo?" Akafuta mdomo kwa pindo la kitenge. "Nilikuambia nitakuonyesha. Ukakimbilia kuolewa."

Halafu nikamuuliza mkeka wa mama uko wapi, ulimlaza nani.

"Umeukalia," akasema. "Wiki mbili."

Nilisogeza jiwe la kusagia. Nikainua ukingo uliokuwa umebanwa. Mvua nyingi zilikuwa zimepita, na mkeka ulikuwa mzima, haujaota ukungu, haujalegea popote, isipokuwa mahali pamoja. Ncha mbili zilizokatika, zimetokeza nje, hazijashonwa. Katika nyumba ya mtu ambaye hakuweza kuvumilia uzi wa jirani.

Akachomoa sindano kwenye kilemba, akanipa.

"Mama yako hakuulalia," akasema. "We utaulalia. Shona."

Nilimtazama usoni nijue kama amenisamehe au amenihukumu. Hakunipa dalili. Nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza kushona, naye akainama karibu na mikono yangu.

"Kaza," akasema. "Umelegeza."